Seva ya zamani, diski ya leo: historia ya mashini inayokataa kuamka

Leo tuzungumze juu ya mashini.

Kuna mashini moja ambayo wengi wetu tutaikuta kazini siku moja. Ni seva ya mutumba. Ilifanya kazi Ulaya miaka mitano, sita, kisha kampuni yake ikanunua mpya, na ile ya zamani ikapanda meli, ikashuka Dar es Salaam ao Mombasa, ikavuka ziwa, ikafika kwetu. Iko katika biro ya shule, ya kituo cha afya, ya shirika. Inafanya kazi vizuri mpaka siku diski yake inakufa. Watu wanachanga feza, wananunua diski mpya, kubwa, ya kisasa. Wanaifunga. Wanabonyeza. Feni zinalia kama ndege inayotaka kuruka, kisha maandishi meupe yanatokea kwenye kioo cheusi: hakuna diski ya kuamkia.

Fundi wa kwanza anasema seva imekufa. Wa pili anasema wamewauzia diski mbovu. Mara nyingi wote wawili wanakosea. Seva ni nzima, diski ni nzima, lakini hazijuani. Na ndani ya ile seva muna nini? Muna pointi za wanafunzi za miaka kumi. Muna fishi za wagonjwa. Muna maktaba ya Wikipedia iliyowekwa na programu ya Kiwix, watoto wasome bila kununua megabaiti. Ukiitupa seva juu ya neno la fundi asiyejua, umetupa vitu vingi zaidi ya chuma.

Ninataka kuonyesha kitu kimoja tu. Neno «diski hii haitambuliwi» si sheria ya Mungu. Ni matokeo ya maamuzi ya watu, yaliyofanywa katika miaka inayojulikana, kwa sababu zinazojulikana. Mwenye kujua historia ile anajua pia mlango wa kupitia.

Kuamka ni safari ya kupokezana

Watu wa Maniema wako na mfano mzuri wa jambo hili: reli yetu. Kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902 ili kupitisha mizigo pale ambapo mto Lualaba haupitiki. Mwaka 1906 reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilometa 125, ikafunguliwa. Kufikia 1911 reli ya Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, ikawa tayari. Kwa hiyo muzigo ulitoka Kisangani kwa treni, ukapanda mashua Ubundu, ukashuka Kindu, ukapanda treni tena mpaka Kongolo, kisha mashua tena. Hakuna chombo hata kimoja kilichojua njia yote. Kila kimoja kilijua kipande chake, na kilijua ni nani wa kumpokezea.

Kompyuta inaamka hivyo hivyo. Ukibonyeza kifungo, prosesa haijui kitu. Inajua paka kusoma maagizo yaliyo katika chipu ndogo kwenye kadi-mama. Maagizo yale yanaitwa BIOS. BIOS inahesabu memori, inaamsha kioo na kibodi, kisha inatafuta diski. Ikipata, inasoma sekta ya kwanza, baiti 512 tu. Kati ya zile, 446 ni programu ndogo sana, 64 ni orodha ya vipande vya diski, na mbili za mwisho ni alama ya kusema «mimi ni diski ya kuamkia». Ile programu ndogo inaita kubwa kidogo, ile inaita kerneli ya Linux ao ya Windows, na kerneli inashika kazi yote. Tangu hapo BIOS inakaa kimya.

Shikeni neno hilo la mwisho, tutalihitaji: kerneli ikiisha kuamka, haimuulizi tena BIOS habari za diski. Iko na draiva zake yenyewe.

Sasa rudieni kwenye reli. Ya kwetu ilijengwa na upana wa milimita 1000. Ya Katanga ilikuwa na milimita 1067. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini gari la moshi halijui «karibu». Mpaka katika miaka ya 1950, wakati njia ya CFL ilipopanuliwa ili iungane na ile ya Katanga, behewa la upande mmoja halikuweza kupita upande mwingine hata kama lilikuwa jipya na zima. Kati ya Kisangani na Ubundu upana wa zamani ulibaki. Behewa zuri lililokataliwa na reli nzuri: njo shida ya seva yetu.

Mashini ya kwanza kukataa

Tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilitoa kompyuta yake ndogo, IBM PC, iliyotengenezwa na kikundi cha Boca Raton huko Florida. Haikuwa na diski ngumu hata kidogo. Ilikuwa na disketi, na hata tundu la kaseti. Walioandika BIOS yake hawakufikiri juu ya diski ngumu, juu bei yake wakati ule ilikuwa ya kutisha.

Mwezi wa tatu 1983 ikaja IBM XT, na diski ngumu ya megabaiti 10. Wenye PC za 1981 wakaitamani. Wakanunua kadi na diski, wakafunga, wakabonyeza. Kimya. BIOS za kwanza hazikuwa na desturi ya kuangalia kama kadi iliyoingizwa imekuja na maagizo yake. Desturi hiyo ilianza na BIOS yenye tarehe 27 Oktoba 1982. Mwenye chipu ya mbele ya tarehe ile alipaswa kuing'oa na kuweka mpya.

Kwa hiyo malalamiko ya «seva yangu haioni diski mpya» yana umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Na dawa iliyopatikana wakati ule ilikuwa ya akili sana. Badala ya kuandika ndani ya BIOS majina ya diski zote za dunia, IBM iliamua kwamba kila kadi ije na mkalimani wake. Kadi inabeba chipu ndogo, BIOS inaikuta, inaipa nafasi ya kusema, na chipu inajifundisha kwa BIOS: «diski zangu zinasomwa hivi». Mutaona kwamba wazo hilo liliokoa watu tena miaka zaidi ya 30 nyuma.

Lakini mwaka 1984, katika IBM AT, waliingiza pia orodha. Ndani ya BIOS mulikuwa meza ya aina 14 za diski, kila moja na idadi yake ya silinda na vichwa. Diski isiyo katika orodha haikuwa na nafasi yake. Baadaye watengenezaji wa BIOS walifungua mlango wa mtumiaji kuandika namba mwenyewe. Wengi waliziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kompyuta, juu batri ndogo ya kadi-mama ikifa, namba zinapotea na mashini inasahau diski yake. Batri hiyo bado inatusumbua hadi leo. Kabla ya kusema seva imekufa, angalia ile batri ya mviringo kama pesa ya chuma.

Kuta za hesabu

Sasa tuingie katika ugonjwa wa kwanza, ugonjwa wa hesabu.

BIOS ya zamani iliomba kitu kwenye diski kwa namba tatu: silinda, kichwa na sekta. Nafasi ya kuandika silinda ilitosha 1024, ya vichwa 256, ya sekta 63. Lakini diski za aina ya IDE, zilizoenea mwisho wa miaka ya 80, zilikuwa na hesabu yao: silinda 65,536 lakini vichwa 16 tu. Wawili wakikutana, kila upande unalazimisha udogo wake. Silinda 1024, vichwa 16, sekta 63, baiti 512: zidisha mwenyewe utapata 528,482,304. Njo ukuta wa megabaiti 528, ambao wengine waliuita wa 504 kwa kuhesabu kwa 1024. Katikati ya miaka ya 90 diski zilipita hapo, na mtu aliyenunua diski ya gigabaiti moja aliona nusu yake tu.

Wakatafuta ujanja: BIOS idanganye idadi ya vichwa, itafsiri katikati. Hiyo ikafikisha watu kwenye gigabaiti 8.4, yaani 1024 mara 256 mara 63 mara 512. Ukuta wa pili. Ndipo wakaacha namba tatu, wakaanza kuhesabu sekta moja moja toka sifuri, kama nyumba za barabara moja ndefu. Lakini barabara ile ilikuwa na namba za biti 28, nayo ikaishia gigabaiti 137. Ukuta wa tatu. Mwaka 2002 kanuni ya ATA-6 ikaleta biti 48, na ukuta ule ukaanguka.

Ukabaki mwingine uliojificha. Ile orodha ya vipande katika sekta ya kwanza inaandika namba kwa biti 32. Mara 512, unapata terabaiti 2.2. Mwezi wa kumi 2010 Western Digital ilipotoa diski ya terabaiti 3, iliweka ndani ya boksi kadi ya ziada ya kuingiza kwenye kompyuta, juu walijua kwamba mashini nyingi za watu zingeshindwa. Fikirini: muuzaji anakuuzia diski pamoja na fimbo ya kutembelea!

Dawa ya kudumu ilikuja na mfumo mpya wa kuamka. Intel iliuanza mwisho wa miaka ya 90 kwa ajili ya seva zake za Itanium, na toka 2005 ukaitwa UEFI, chini ya muungano wa makampuni mengi. Pamoja nayo ikaja orodha mpya ya vipande, GPT, yenye namba za biti 64. Ukuta wake uko mbali sana. Wajukuu zetu watashughulika nao.

Muliona mwenendo? Kila mara mtu alikaa mezani akasema: «biti hizi zitatosha.» Hakuwa mjinga. Memori ilikuwa ghali, diski zilikuwa ndogo. Alikadiria kwa macho ya siku yake. Na kila mara ukuta ulionekana mwishowe.

Waliopita kando ya ukuta

Si wote waliosubiri kiwanda. Katika miaka ya 90 kulikuwa na programu kama Disk Manager ya Ontrack. Ilijiandika mwanzoni mwa diski, ikaamka mbele ya kila kitu, ikachukua nafasi ya maagizo ya BIOS yanayosoma diski, kisha ikaita Windows. BIOS mzee alibaki kufungua mlango tu. Shida yake: ukiamka kwa disketi bila kupitia programu ile, diski inaonekana tupu. Watu wengi waliifomati kwa mikono yao wenyewe wakidhani data zimepotea, na hapo njo zikapotea kweli.

Watu wa Linux walipita njia nyingine. Programu ya kuamsha iliyotumiwa sana wakati ule, LILO ya Werner Almesberger, ilimtegemea BIOS kusoma kerneli. Kerneli ikikaa nyuma ya silinda 1024, LILO iliandika herufi mbili, L na I, kisha ikasimama. Dawa ilikuwa nyepesi: tengeneza kipande kidogo mwanzoni mwa diski, weka humo kerneli na vitu vya kuamsha tu, ukiite /boot. BIOS anafika pale kwa mkono wake mfupi, anachukua kerneli, na kerneli yenyewe ina mkono mrefu wa kufika kila mahali. GRUB, aliyoianza Erich Boleyn mwaka 1995, iliendeleza kazi hiyo kwa akili zaidi.

Hapa njo kiini cha mambo yote ninayoandika. Hauhitaji BIOS aione diski yako nzima. Unahitaji aone kitu kimoja kidogo, chenye kubeba yule anayeiona.

Seva ya 2009 na diski ya leo

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Dell PowerEdge R710 ilitoka 2009. Ni seva imara, memori nyingi, na kwenye soko la mutumba bei yake imeshuka sana. Kanuni ya diski za NVMe, zile zinazoingia moja kwa moja kwenye njia ya kadi za PCIe bila kupitia SATA, ilitoka tarehe 1 Machi 2011. Basi seva ile haiwezi kujua lugha iliyozaliwa nyuma yake. Huu ni ugonjwa wa pili, ugonjwa wa lugha. Hapa si hesabu iliyopungua, ni neno lenyewe halimo kinywani.

Lakini Linux inaijua. Draiva ya NVMe iliingia katika kerneli 3.3, mwaka 2012. Kwa hiyo ukiweka NVMe kwenye kadi ndogo ya kuigeuza iingie tundu la PCIe, BIOS hataiona, ila Linux ikiamka itaiona vizuri kabisa. Kazi yetu ni kuifikisha Linux pale. Na kitu ambacho BIOS ya 2009 inakijua ni flashi ya USB.

Njia iko hivi. Unaamsha programu ya kusakinisha, tuseme Debian, kwa flashi ya kwanza. Unapogawa diski, unaweka mfumo wote kwenye NVMe, lakini /boot unaiweka kwenye flashi ya pili. Gigabaiti moja inatosha. GRUB nayo unaiandika mwanzoni mwa ile flashi ya pili. Kisha unaingia kwenye BIOS na kuiambia ianzie kwenye flashi. Toka hapo safari ni ile ya Lualaba: BIOS anapokezea flashi, flashi inapokezea kerneli, kerneli inapokezea NVMe. Flashi inasomwa sekunde chache tu kila unapowasha, ndiyo maana upole wake hauleti shida. Seva nyingi ziko hata na tundu la USB ndani ya kasha, flashi isichukuliwe na mtu anayetaka kuweka muziki.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza: hakikisha ile memori ya mwanzo inayoamka pamoja na kerneli imebeba draiva ya NVMe, ikikosa, kerneli itaamka kisha itasimama ikitafuta diski. La pili: flashi inakufa. Tengeneza nakala yake, baiti kwa baiti, uiweke kabatini na jina lake. Rudia nakala kila mara kerneli inapobadilishwa. Na usiziingize zote mbili kwa wakati mmoja, juu zina kitambulisho kimoja na mfumo unaweza kuchanganyikiwa.

Kuna njia nyingine mbili. Unaweza kuweka kwenye flashi programu kama Clover, inayojenga UEFI juu ya BIOS ya zamani na kuifundisha NVMe. Hiyo inafaa kama mfumo wako hautaki kutenganishwa na /boot yake. Na kuna diski chache zilizokuja na mkalimani wao. Samsung 950 Pro ya 2015 ilibeba chipu ya maagizo ambayo BIOS ya zamani inaielewa, kwa hiyo inaamka hata kwenye mashini zisizojua NVMe. Wazo la IBM la 1982, ndilo lile lile!

Ni nani anaziba njia?

Sasa swali ambalo fundi mzuri anauliza mbele ya kushika bisibisi: kizuizi kiko kwa BIOS, ao kiko kwa kontrola ya diski?

Kikiwa kwa BIOS, ujanja wa flashi unatosha, juu BIOS anahitajika mwanzoni tu. Lakini kontrola inahitajika kila sekunde. Kontrola ya RAID inayoitwa PERC 6/i, iliyokuja na seva nyingi za Dell za wakati ule, haihesabu kupita terabaiti 2 kwa diski. Hapo hata ukiamka kwa flashi mia, diski ya terabaiti 4 haitakubali. Dawa ni kubadilisha kontrola. Reli ikiwa ya milimita 1000, kubadilisha dereva hakusaidii kitu.

Angalia pia diski zinazotoka kwenye makabati makubwa ya kuhifadhi data. Baadhi zimefomatiwa kwa sekta za baiti 520, si 512. Zinauzwa rahisi, na seva ya kawaida inazikataa. Ziko nzima. Unaziunganisha na kadi ya SAS ya kawaida, unazifomati upya kwa programu ya Linux inayoitwa sg_format, zinarudi kwenye 512. Inachukua saa nyingi na inafuta kila kitu, kwa hiyo usiijaribu kwenye diski yenye data za watu.

Na kuna ile isiyozunguka hata kidogo. Toka kanuni ya SATA 3.3 ya mwaka 2016, pini ya tatu ya umeme ilipewa kazi mpya: ikipata volti 3.3, diski inalala. Vyanzo vya umeme vya zamani vinapeleka volti 3.3 pale bila kukoma. Diski mpya inaona amri ya kulala na inatii. Watu wanairudisha dukani. Kipande kidogo cha tepi inayovumilia joto juu ya pini zile tatu za kwanza, ao waya wa kugeuza usiobeba volti hizo, na diski inazunguka.

Halafu kuna ugonjwa wa tatu, nao hauna sababu ya ufundi kama ile mingine. Ni kufuli. Mwanzoni mwa 2010 wenye seva mpya za Dell zenye kontrola H700 na H800 waligundua kwamba kontrola inakataa diski zisizo na programu ya Dell ndani yake. Diski ileile, kiwanda kilekile, ila bila jina la muuzaji. Dell ilisema ni kwa ajili ya usalama wa data na ubora. Wateja walilalamika kwa nguvu, na mwaka uleule Dell ikatoa programu mpya ya kontrola iliyolegeza kufuli ile. Kwa haki tuseme: diski iliyopimwa na kiwanda kweli inaleta matatizo machache. Lakini kuonya mtu ni kitu kimoja, kumfungia mlango ni kingine. Na somo la 2010 ni kwamba neno «haitambuliwi» linaweza kufutwa kwa programu moja, watu wakisema kwa pamoja.

Na sisi?

Wengine watauliza: hiyo historia ya Boca Raton inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza iko chini ya ardhi yetu. Bati ndiyo inayoshikisha vipande kwenye kadi-mama, na bati ya Maniema inachimbwa tangu siku za Symétain, iliyoundwa 1932 na kufanya makao yake Kalima. Dhahabu inapakwa kwenye miguu ya kadi za memori, na Kabambare inaijua dhahabu ya Namoya. Siwezi kusema bati iliyo katika seva fulani ilitoka kwetu. Lakini jasho la kutoa vitu vile tunalijua, na kwa hiyo hatupaswi kuwa wepesi wa kuvitupa jalalani, ambako risasi na sumu nyingine zinashuka polepole kwenye maji ya visima.

Ya pili ni umaskini wa maarifa. Mtu wa Brussels akikosa diski inayokubalika, ananunua seva nyingine. Sisi hatuwezi. Kwa hiyo kwetu historia ya BIOS si hadithi ya kupitisha wakati, ni chombo cha kazi kama bisibisi. Fundi aliyesoma paka mashini za leo atasema «imekufa». Aliyesoma pia za jana atauliza: ni hesabu, ni lugha, ao ni kufuli?

Lakini tusidanganyane. Si kila seva inastahili kuokolewa. Seva kama R710 inakula wati 150 hivi hata ikiwa haina kazi. Kwa siku nzima ni zaidi ya kilowati-saa 3 na nusu. Kama umeme wenu unatoka kwenye pano za jua na batri, ao kwenye jenereta inayokunywa mafuta ya bei ya Kasongo, feza za mwaka mmoja zinaweza kupita bei ya kompyuta ndogo ya wati 20 inayofanya kazi ileile. Basi fanyeni hesabu kwanza. Mara nyingine jibu zuri ni kuiamsha seva mara moja ya mwisho kwa flashi, kutoa data zote, kuzihamishia kwenye mashini ndogo, kisha kuiacha ipumzike na vipande vyake viwe akiba. Hata hapo unahitaji kujua kuiamsha.

Na kitu cha mwisho, kwa ninyi mulio mwaka wa pili na wa tatu wa enformatiki. Mukikuta biro yenye mashini iliyolala, musianze na diski. Anzeni na karatasi. Andikeni jina la seva na mwaka wake, toleo la BIOS, jina la kontrola, aina ya diski iliyokufa, aina ya iliyonunuliwa. Kisha fuateni muzigo kituo kwa kituo: ni nani anampokezea nani, na ni wapi mnyororo unakatika? Mukimaliza, acheni karatasi ile ndani ya kasha la seva, imeandikwa kwa Kiswahili ao Kifaransa chenye kusomeka, pamoja na mahali ilipo nakala ya flashi. Mwenye kuja nyuma yenu, labda miaka kumi nyuma, atakuta diski ambayo sisi hatujaijua bado, na ukuta ambao hatujauona. Msaidieni aanze akijua njia mliyopita.